Anwani ya IP haimtaji aliyepakua

Msanii anayekuta albamu yake inagawanywa bure mtandaoni kabla hajarudisha hata gharama za studio ana kila haki ya kulalamika, na mimi kama wakili wa hakimiliki niko upande wake. Ninapotofautiana na wenzangu ni pale wanapotaka watu wakatiwe intaneti kwa tuhuma tupu. Ufaransa walishapita njia hiyo.

Mwaka 2009 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuunda mamlaka iitwayo Hadopi, ya kupambana na upakuaji haramu. Kwenye torenti, yaani njia ya watu kugawiana mafaili mashine kwa mashine, faili huvunjwa vipande, na anayepakua huwa hapohapo anawagawia wengine vipande alivyokwisha kupata. Ili mashine zipatane, kila moja huonyesha anwani yake ya IP, yaani namba inayotambulisha laini yake ya intaneti. Mawakala wa wenye hakimiliki waliingia humo kama watumiaji wengine, wakanukuu anwani na saa, wakazipeleka Hadopi, nayo ikaiuliza kampuni ya intaneti laini hiyo ni ya nani. Onyo la kwanza lilikuja kwa barua pepe, la pili kwa barua ya rejista, kisha jalada liliweza kufika kwa mwendesha mashtaka.

Awali Hadopi yenyewe ilipewa uwezo wa kumkatia mtu intaneti. Tarehe 10 Juni 2009 Baraza la Katiba likakataa: uhuru wa kujieleza ulio katika Tamko la Haki la 1789 unajumuisha siku hizi uhuru wa kuingia mtandaoni, kwa hiyo wa kuuzuia ni hakimu, si ofisi. Isitoshe, mwenye laini alikuwa anahesabiwa mkosaji mpaka ajinasue mwenyewe.

Hata hivyo anwani ilibaki kuwa msingi wa mashtaka. Mwaka 2012 mtu wa kwanza kuhukumiwa alipigwa faini ya euro 150, ingawa ilielezwa mahakamani kwamba aliyepakua nyimbo ni mkewe. Kosa lake? Hakuilinda laini yake. Hukumu ya namna hiyo haimwongezei msanii chochote. Julai 2013 serikali ikaifuta adhabu ya kukatiwa intaneti, iliyokuwa imebaki mikononi mwa hakimu.

Kwetu hali ni ngumu zaidi, maana kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja kwa pamoja, na bando la mmoja hurushwa kwa hotspoti chumba kizima cha hosteli. Utamshika nani?

Napendelea marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2019. Mwenye haki anaiandikia kampuni ya intaneti kueleza kazi yake ni ipi na iko wapi, ili iondolewe. Aliyeiweka anaweza kupinga, na anayetoa taarifa ya uongo ametenda kosa. Kwa torenti njia hii haifiki mbali, kwa kuwa faili lenyewe limetawanyika kwenye mashine za watu. Hapo nguvu za upelelezi ziwaendee wenye tovuti za kuorodhesha torenti wanaovuna fedha za matangazo, kama Sweden ilivyowafikisha mahakamani watu wa The Pirate Bay mwaka 2009.