Je, buti linalobana hulegea safarini?
Wengi wanaojiandaa kwa safari ya miguu katika milima ya Rwenzori, au kwenye miteremko ya Sipi upande wa Mlima Elgon, huamini kwamba buti jipya linapaswa kubana kidogo kwa kuwa litalegea njiani. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, kwani ngozi hulainika na kufuata umbo la mguu kwa upana. Urefu, hata hivyo, hauongezeki, kwa sababu soli haitanuki, na mguu nao huvimba kadiri mtu anavyotembea. Madhara huonekana zaidi wakati wa kuteremka: mguu husukumwa mbele, vidole vikagonga ncha ya kiatu hatua baada ya hatua hadi kucha zigeuke nyeusi, maumivu ambayo yangeweza kuepukwa dukani.

Kulijaribu ni rahisi. Nenda jioni, miguu ikiwa imekwisha kuvimba kidogo, ukiwa na soksi zilezile utakazovaa safarini. Kabla ya kufunga kamba, sogeza mguu hadi vidole viguse mbele. Kidole kimoja cha mkono kinapaswa kuingia nyuma ya kisigino. Kisha funga kamba vizuri, ushuke ngazi. Vidole vikigonga mbele, omba saizi kubwa zaidi, hata ukiambiwa kwamba litalegea.