Kuuza nyumba Minnesota msimu wa theluji: ushahidi kwanza, mapambo baadaye

Kila ifikapo Novemba, dawati letu la ushauri wa nyumba hupokea swali lile lile kutoka kwa familia zinazozungumza Kiswahili hapa Minneapolis, Brooklyn Park na vitongoji vya jirani: tuuze sasa au tungoje hadi Mei?

Ni kweli soko la huku huchangamka theluji ikishayeyuka. Wanunuzi huongezeka, bustani hupendeza, na wazazi wanataka kuhama shule zikiwa zimefungwa. Lakini miezi hiyo hiyo nyumba zinazouzwa nazo huwa nyingi, kwa hiyo unashindana na jirani zako. Januari nyumba sokoni ni chache, na mtu anayekubali kuendesha gari juu ya barafu kwenda kutazama nyumba hakuja kupoteza muda. Mara nyingi amehamishwa kazini, au mkataba wake wa kupanga unakaribia kwisha. Kama una sababu ya msingi ya kuuza, baridi peke yake isikuzuie.

Tatizo ninaloliona zaidi ni la maandalizi. Watu huipamba nyumba ya Januari kama wangeipamba ya Juni: mito mipya ya sofa, maua mezani, mishumaa ya harufu. Wastani wa joto la Januari Minneapolis ni kama nyuzi 16 za Farenhaiti, yaani karibu nyuzi 9 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi. Mnunuzi aliyetoka kwenye hali hiyo ana swali moja kubwa kichwani: nyumba hii inaihimili vipi baridi? Kazi yako ni kumjibu kwa vitu anavyoweza kuviona, kuvigusa na kuvisoma.

Tuanze pale anaposimama kwanza. Ajenti wake amevua glavu ili abonyeze namba za kisanduku cha ufunguo, na kisanduku kimeganda. Mteja yuko nyuma yake kwenye ngazi, upepo unampiga usoni, na kwa dakika hizo mbili tatu hana la kufanya ila kutazama. Anaona theluji iliyokanyagwa mpaka ikawa barafu, balbu ya kibarazani iliyoungua, rangi iliyobanduka karibu na kizingiti. Hajaingia ndani, na tayari ameanza kupunguza bei kichwani.

Sheria ya jiji la Minneapolis inampa mwenye nyumba ya familia moja saa 24 baada ya theluji kukoma awe ameondoa theluji yote kwenye njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba. Hicho ni kiwango cha chini tu. Anayeuza aende mbali zaidi: njia pana ya watu wawili kupita bega kwa bega hadi mlangoni, njia ya kwenda gereji na mlango wa nyuma, na upenyo kwenye lundo la theluji kando ya barabara ili mtu akishuka kwenye gari asizame hadi magotini. Chumvi ya kawaida ya kuyeyusha barafu hupoteza nguvu joto likishuka chini ya nyuzi 15 za Farenhaiti au hapo karibu. Siku kama hizo mwaga mchanga, angalau mtu asiteleze. Kisanduku cha ufunguo kitundike mahali penye kinga, pasipodondokewa na maji ya paa.

Ndani ya mlango weka mkeka mkubwa, sinia la kuwekea buti zenye theluji, na kiti cha kukalia mtu akizivua. Kuvua viatu mlangoni kwetu ni desturi tangu nyumbani, kwa hiyo hapa hatuhitaji somo. Ila kumbuka kwamba mgeni aliyevua buti anaipima sakafu kwa nyayo. Joto la nyuzi 68 hadi 70 linatosha. Wapo wanaopandisha hadi 78 wakidhani ni ukarimu, na mnunuzi aliye ndani ya koti zito anatoka jasho, anaharakisha, na anaanza kujiuliza ni kipi kinachofichwa na joto lote hilo.

Mtambo wa kupasha joto nyumba ufanyiwe huduma kabla nyumba haijatangazwa. Badilisha kichujio cha hewa na uandike tarehe juu yake kwa kalamu. Risiti ya fundi iweke mezani jikoni pamoja na bili za gesi na umeme za miezi 12 iliyopita. Sijaona pambo linaloishinda karatasi hiyo. Mtu anayehofia gharama za Februari akiona bili halisi ya Februari, hofu yake inageuka kuwa hesabu, na hesabu inaweza kujadiliwa.

Upepo unaopenya madirishani nao utafutwe mapema. Njia rahisi ni kuwasha kijiti cha udi siku yenye upepo na kukipitisha taratibu kando ya fremu za madirisha na milango. Moshi ukiyumba, hapo ndipo baridi inapoingilia. Ziba kwa silikoni au kwa mpira mpya wa mlango. Plastiki za kubandika dirishani zinapunguza bili kweli, lakini kwa nyumba inayouzwa zinasema madirisha yamechoka, na zinamzuia mnunuzi kuyafungua ayajaribu.

Na hiyo ndiyo kazi pekee ya udi ninayoipendekeza kwa nyumba iliyo sokoni. Najua tunapenda nyumba inukie. Lakini nyumba za huku hufungwa madirisha miezi mitano, na harufu ya samaki wa kukaanga au kitunguu cha pilau hukaa kwenye mapazia na mazulia hata mwenye nyumba asiisikie tena. Akija mgeni akakuta udi mzito juu yake, atadhani unafunika ukungu wa ukutani. Fua mapazia, safisha mazulia, washa feni ya jikoni kila unapopika, na wiki ya watu kuja kutazama pikeni vyakula visivyo na harufu kali. Rafiki mwenye kukuamini na asiyeishi humo ndiye wa kukuambia kama nyumba inanuka.

Harufu inakuja pamoja na unyevu, na huu ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Familia ya watu saba, sufuria la maharage linalochemka kwa muda wa saa tatu, nguo zilizoanikwa ndani: mvuke wote huo unatafuta kioo chenye baridi na kugandia pale. Baridi ya nje ikikaribia sifuri ya Farenhaiti, unyevu wa ndani usizidi asilimia 30 au chini kidogo ya hapo. Kipimo chake kinauzwa kwa bei ndogo dukani. Madirisha yanayolia machozi kila asubuhi huozesha mbao za fremu, na mkaguzi wa nyumba aliyeletwa na mnunuzi atabonyeza mbao hizo kwa kidole.

Sasa paa. Marungu ya barafu yanayoning'inia ukingoni hupendeza kwenye kadi za Krismasi, lakini mkaguzi wa Minnesota huyasoma kama ripoti. Joto la ndani linavujia darini, linaipasha sehemu ya juu ya paa, na theluji inayeyuka kutoka chini. Maji yanateremka hadi ukingoni ambako hakuna joto, yanaganda, na barafu inajijenga kuwa ukuta mdogo. Maji yanayofuata hukosa njia, yanarudi nyuma, yanajipenyeza chini ya vigae vya paa na mwishowe yanatokea kwenye dari ya chumba chako kama doa la rangi ya chai.

Dawa yake iko darini. Kwanza ziba matundu yanayopitisha hewa ya joto: pembeni mwa taa za dari, bomba la moshi, na mfuniko wa kupandia darini. Kisha ongeza matandiko ya kuzuia joto yaliyopungua. Hakikisha pia feni ya bafuni inatoa hewa nje kabisa, maana zipo nyumba ambazo bomba la feni linaishia darini na kumwaga mvuke humo humo. Kwa dharura ya wiki hii, vuta theluji ya ukingoni kwa reki ndefu ya paa ukiwa umesimama chini, au ita fundi mwenye mtambo wa mvuke. Usipande na shoka. Utavunja vigae, na pengine mguu.

Kuhusu lile doa, wapo watakaokushauri upake rangi tu. Sheria ya Minnesota inamtaka muuzaji aeleze kwa maandishi mambo muhimu anayoyajua yanayoweza kuathiri matumizi ya nyumba. Rekebisha chanzo, tunza risiti, andika kwenye fomu kwamba paa liliwahi kuvuja na kilichofanyika, ndipo upake rangi. Doa lenye maelezo halimkimbizi mnunuzi.

Mwanga sina mengi ya kusema. Mwishoni mwa Desemba jua huzama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo anayetoka kazini saa kumi na moja atakuta giza. Jitahidi watu waje mchana wa Jumamosi na Jumapili, fungua mapazia yote, na balbu za chumba kimoja ziwe za rangi moja.

Kuna mambo ambayo theluji inayafichua, na mengine inayafunika. Haya ya pili ndiyo yanayosahaulika. Paa likiwa na theluji, mkaguzi ataandika kwamba hakuliona. Mtambo wa kupoza hewa kwa kawaida hatauwasha wakati wa baridi kali kwa kuogopa kuuharibu. Bustani, baraza la mbao la nyuma, mteremko wa maji ya mvua, vyote viko chini ya theluji. Mnunuzi mwoga hujaza pengo hilo kwa kudhani mabaya. Wewe lijaze kwa picha za kiangazi, risiti ya vigae vipya, na kumbukumbu ya huduma ya mtambo wa kupoza hewa. Kama unawaza kuuza mwakani, piga picha hizo Septemba, hata kwa simu. Picha za kutangazia nyumba nazo zibadilishwe majira yakigeuka. Picha yenye theluji ikionekana Aprili, kila mtu ataanza kuuliza kwa nini nyumba haijanunuliwa.

Upande wa sheria na usalama, kuna hewa ya radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayotoka ardhini. Nchini Marekani inatajwa kuwa chanzo cha pili cha saratani ya mapafu baada ya sigara, na Minnesota ina nyumba nyingi zenye kiwango cha juu. Wakati wa baridi hewa ya joto ikipanda juu, nyumba huvuta hewa ya ardhini kupitia nyufa za besimenti, na vipimo mara nyingi hupanda. Tangu 2014 sheria ya jimbo inamtaka muuzaji ampe mnunuzi kwa maandishi matokeo ya vipimo anavyovijua, pamoja na kijitabu cha idara ya afya, kabla ya kusaini mkataba. Kipimo cha muda mfupi huchukua angalau saa 48 madirisha yakiwa yamefungwa. Pima mwenyewe kabla ya kuuza. Ni heri ujue mapema kuliko kuambiwa na mkaguzi wa mnunuzi katikati ya majadiliano.

Minneapolis pia inataka nyumba ikaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa na ripoti iwepo watu wanapokuja kuitazama. Nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 zina fomu ya kumjulisha mnunuzi kuhusu rangi yenye madini ya risasi. Kengele ya gesi yenye sumu ya kaboni monoksaidi iwe ndani ya futi 10 za kila chumba cha kulala, na mabomba ya mtambo wa joto yanayotokea ukutani nje yasizibwe na theluji. Halafu besimenti: wengi wetu tumewalaza huko vijana na wageni. Chumba kisicho na dirisha la kutosha mtu kutokea moto ukizuka kisitangazwe kuwa cha kulala. Kama dirisha lipo, shimo lake la nje liondolewe theluji.

La mwisho linatuhusu sisi zaidi ya wengine. Desemba watu wanakwenda nyumbani, Kenya, Tanzania, Kongo, na nyumba inabaki sokoni bila mtu. Bomba likipasuka wakati huo, atakayeligundua ni mnunuzi. Joto lisishuke chini ya nyuzi 55, milango ya makabati yenye mabomba iachwe wazi, na vali kuu ya maji ifungwe kisha mabomba yamwagwe. Kama nyumba yako hupashwa joto na maji ya moto yanayozunguka kwenye mabomba, muulize fundi kabla ya kufunga vali hiyo. Ijulishe kampuni ya bima kwa maandishi, kwa sababu mikataba mingi ina masharti kuhusu nyumba isiyokaliwa. Mtu mmoja mwenye ufunguo apite kila siku mbili tatu, aifute njia theluji na kusoma kipimajoto.

Na kama mauzo yanaweza kukamilishwa ukiwa safarini, saini hati ya uwakala, ya kumruhusu mtu mwingine kusaini kwa niaba yako, kabla hujapanda ndege, na kampuni itakayosimamia uhamisho wa nyumba iikubali mapema hati hiyo kama ilivyoandikwa. Kuitengeneza ukiwa Nairobi kunawezekana, lakini kampuni ya huku ikifungua ofisi saa mbili asubuhi, kule ni saa kumi na moja jioni na ofisi zinafungwa.