"Iko mdogo, ubongo utajipanga wenyewe": hapana, wamama

Juzi tena. Mama ametoka Bagira na mtoto wa mwaka moja na nusu mgongoni, mkono wa kuume umekunja ngumi haufunguke, aliona tangu mtoto ana miezi mine, lakini nyumbani wakamwambia tulia, ubongo wa mtoto iko laini sawa udongo, utajipanga wenyewe. Hii neno tunaisikia kila wiki kwenye kine (fasi ya kunyorosha na kuzoeza viungo), hata toka kwa wauguzi, na inanichokesha sana juu inatuibia miezi yenye hatutaipata tena.

Miaka ya 1930, kule Marekani, mtafiti Margaret Kennard alipasua makako (aina ya nyani) wadogo na wakubwa kwenye sehemu ya ubongo yenye kuongoza mwendo, wadogo wakarudilia vizuri kuliko wakubwa. Watu wakashika hiyo tu. Lakini Kennard mwenyewe aliona pia kama wale wadogo, kadiri wanakua, viungo vilianza kukaza.

Kisha Bryan Kolb, mtafiti wa chuo kikuu cha Lethbridge kule Kanada, akafanya majaribio na panya, na hapa njo musikilize vizuri. Unatoa sehemu ya mbele ya ubongo, panya mumoja akiwa na siku 1, mwingine siku 10, unangoja wakue, kisha unapaka ubongo rangi ya Golgi ili uone niuroni (chembe za ubongo) moja moja na matawi yake. Yule wa siku 10, niuroni zenye zilibaki zimeongeza dendriti (yale matawi) na vile vichunusi vyenye sinapsi (fasi niuroni zinaungana) zinashikia, na panya anaishi karibu sawa mzima. Yule wa siku 1, mdogo kabisa, ubongo umebaki mdogo, koteksi (ganda la juu la ubongo) nyembamba, dendriti zimepunguka, na anashindwa hata kuliko panya mwenye walipasua akiwa mkubwa! Kwa hiyo udogo peke yake hausaidie, inategemea ubongo ulikuwa na kazi gani siku ile: siku za kwanza niuroni za panya ziko bado njiani kwenda fasi zao, siku ya 10 zimeshafika, ziko zinaotesha matawi. Na musihesabu siku za panya sawa za mtu, panya anazaliwa ubongo ukiwa sawa wa mtoto mwenye iko bado tumboni miezi ya mwisho, njo maana watoto wenye kuzaliwa mbele ya wakati mimi nawafuata karibu zaidi.

Eti niuroni zenye zilikufa zitaota tena? Kwenye koteksi ya mtu, kwa kawaida haziote. Zenye zilibaki njo zinabadilika umbo.

Eti panya na mtu wapi na wapi? Donald Hebb, mwanasaikolojia wa Kanada, aliona kwa watu pia: kuumia sehemu ya mbele utotoni kunaweza haribu zaidi kuliko ukubwani.

Eti kama miezi sita imepita bila shida, ameponyoka? Patricia Goldman-Rakic, mtafiti wa ubongo wa Marekani, alionyesha makako wenye walipasuliwa wadogo wakafaulu majaribio mwanzoni, kisha wakashindwa wakati walikua, sababu sehemu ile wakati wake wa kutumika ulikuwa haujafika.

Sasa kitu yenye narudilia kila siku. Kolb na mtafiti mwenzake Robbin Gibb walipapasa vitoto vya panya vyenye viliumia ubongo, brashi laini, dakika 15, mara 3 kwa siku, na vilipokua vilifanya vizuri kuliko vyenye havikuguswa. Haiko dawa ya kuponyesha mtoto wako. Lakini mukono wenye umekunja ngumi, uguse, upapase, upake mafuta, umuwekee kitu ya kushika, na umulete kine akiwa na miezi mine, musingoje ashindwe kutembea.