Modeli za ndege kabatini: dhana potofu na ukweli, kutoka Nakuru hadi Kisumu

Antena ikivunjika hugundishwa siku hiyo hiyo. Hasara kubwa kwa ndege ya plastiki ya skeli ya 1/72 au 1/48 (yaani ndogo mara 72 au 48 kuliko ndege halisi) huja polepole, na mara nyingi huletwa na kitu kilichowekwa karibu nayo kwa nia njema: kabati jipya, dawa ya nondo, kitambaa cha nailoni, sponji laini. Zifuatazo ni dhana zinazosikika sana miongoni mwa wakusanyaji wa Nakuru, Kisumu na magharibi kwa jumla.

Dhana: Ikishaingia kwenye kabati la vioo, imesalimika

Kabati huzuia vidole na vumbi, ni kweli. Lakini pia hufungia hewa, na swali ni hewa gani. MDF (ubao wa unga wa mbao uliobanwa kwa gundi) na plaiwudi hutoa mvuke wa asidi kwa miaka, hasa kwenye joto na unyevu wa Kisumu. Plastiki yenyewe haijali. Anayeumia ni chuma: miguu ya kutua na propela za madini meupe yenye risasi (metali laini na nzito) huota unga mweupe, kisha hudhoofika hadi ndege inapiga magoti. Ukiuona unga huo usiupulize wala kuukwangua kwa ukucha. Ni chumvi ya risasi, una sumu, na mikono ioshwe baada ya kuugusa.

Mwambie fundi atumie fremu ya alumini na vioo, rafu zikiwemo. Ukiagiza, uliza silikoni atakayozibia. Ile inayonuka siki hutoa asidi ya aina ileile inayokula risasi, kwa hiyo omba isiyo na harufu hiyo. Ikiwa tayari ametumia ya siki, acha milango wazi wiki tatu au nne kabla ya kupanga kitu. Kama kabati lako ni la MDF na huna hela za jingine, funika kila ubao kwa karatasi ya alumini ya jikoni, pamoja na kingo zilizokatwa, maana hapo ndipo mvuke hutoka kwa wingi, halafu tandika kitambaa cha pamba juu yake.

Pima kabla ya kuagiza. Chukua upana wa mabawa ya ndege halisi kwa mita, zidisha kwa 100, gawanya kwa namba ya chini ya skeli, kama 72 au 144: jibu ni sentimita. Boeing 787-8 ina mabawa ya mita 60.1, kwa hiyo kwenye 1/144 ni karibu sentimita 42. Short Empire, ile ndege-boti ya shirika la Uingereza la Imperial Airways iliyokuwa ikitua ziwani Kisumu miaka ya mwisho ya 1930, ilikuwa na mabawa ya mita 34.7, na kwenye 1/72 inafika sentimita 48. Ongeza sentimita 5 kila upande. Kabati la duka lenye kina cha sentimita 40 halitaitosha hiyo ya pili isipokuwa uigeuze mshazari.

Dhana: Kioo cha dirisha kinazuia jua

Kioo cha kawaida huzuia sehemu kali zaidi ya miale ya urujuanimno (UV) na kuachia sehemu kubwa ya iliyobaki. Hiyo inatosha kugeuza utando wa dekali (zile alama nyembamba zinazobandikwa kwenye ndege) kuwa wa manjano na kufifisha rangi nyekundu. Mwanga wenyewe unaoonekana nao hufifisha. Huku kwetu Ikweta inapita Maseno, kwa hiyo madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo adui mwaka mzima, kwa kuwa jua la asubuhi na la jioni huingia likiwa chini. Ukuta wa kaskazini au kusini hupigwa na jua likiwa juu, na paa lililochomoza kidogo hulikinga. Weka kabati ambapo mwale haufiki saa yoyote. Pazia husaidia iwapo kuna mtu wa kulifunga.

Gari lililofungwa juani ni hadithi nyingine. Polistirini, ile plastiki ya modeli hizi, hulainika ikikaribia nyuzi 90 hadi 100, lakini sehemu za resini (plastiki ya kumiminwa kwenye kalibu) hupinda mapema zaidi, na bawa jembamba likiwa limeegemea kitu hupinda taratibu hata kabla ya hapo. Usiiache modeli juu ya dashibodi huku ukila mahindi pale Mau Summit.

Dhana: Vumbi hupanguswa kwa kitambaa kikavu

Vumbi la Nakuru lina majivu ya volkano, na kule Kariandusi karibu na Gilgil huchimbwa diatomaiti, madini ya silika ambayo viwandani hutumika hata kung'arishia. Ukilisugua kwa kitambaa unaipiga ndege msasa. Msuguano mkavu pia huitia plastiki umeme tuli, na vumbi la kesho linakuja kwa kasi zaidi kuliko la jana.

Anza kwa kupuliza kwa pampu ndogo ya mpira, kama ile ya kusafishia lenzi ya kamera. Kisha tumia brashi laini ya vipodozi ambayo haijawahi kuguswa na poda, ukielekea kutoka katikati ya ndege kwenda ncha za mabawa, huku mkono mwingine ukiishika kwenye shina la bawa. Uchafu ulioganda utolewe kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa kwa maji yenye tone moja la sabuni ya vyombo, ikikamuliwa kwanza, bila kupita juu ya dekali zisizopakwa vanishi. Dawa ya kusafishia vioo yenye amonia huondoa rangi za akriliki, na spiriti hufanya hivyo hivyo. Kompresa ya fundi wa pancha hupuliza maji na mafuta pamoja na hewa, na antena huondoka nayo.

Dhana: Taa ndani ya kabati haina madhara, mradi ni LED

Kwa upande wa miale, LED ni nzuri kuliko tyubu za zamani. Lakini Kisumu usiku, taa yoyote karibu na ziwa huita wale wadudu wadogo wa ziwani kwa makundi, nao hupenya mwanya wa milimita moja. Wakipondeka juu ya rangi nyeupe huacha doa la kijani. Wakifa kabatini huita buibui, na buibui humwita mjusi kafiri, ambaye kinyesi chake hushikamana na rangi kama saruji. Kifunike kwa pamba yenye maji dakika kumi kilainike, usikikwangue. Bandika mkanda wa LED nje ya kioo cha juu, adapta iwe mbali kabisa na kabati kwa sababu ya joto, na uzibe mianya ya milango kwa mpira wa kuzuia upepo unaouzwa kwa mita.

Dhana: Vidonge vya nondo na dawa ya mende hulinda

Hapa tusizunguke. Mvuke wa vidonge vyeupe vya nondo hulainisha polistirini. Ndani ya sanduku lililofungwa, uso wa ndege hupoteza mng'ao, rangi huanza kunata, na kidonge kilichogusa bawa huacha shimo. Dawa nyingi za kupuliza nazo zina viyeyusho vya jamii ya mafuta ya taa, ambavyo hushambulia plastiki na kuacha utando unaokamata vumbi. Mende na wadudu wa karatasi wana sababu ya kuja, kwa kuwa gundi ya dekali imetengenezwa kwa wanga. Weka mtego wa gundi au dawa ya jeli nje ya kabati, nyuma yake. Masanduku ya modeli ambazo hazijaundwa yasikae sakafuni. Mchwa hula karatasi ya sanduku kwanza, kisha ramani ya maelekezo.

Dhana: Plastiki haiwezi kuumiza plastiki

Hii ndiyo dhana inayogharimu watu zaidi, na karibu kila sebule ina mtego wake: ile nailoni angavu inayotandikwa juu ya meza na kabati ili kulinda vitambaa vya kufuma. Nailoni hiyo kwa kawaida ni PVC iliyolainishwa kwa mafuta maalumu. Mafuta hayo hayatulii. Hutoka taratibu na kuingia kwenye polistirini inayoigusa, na baada ya miezi kadhaa tumbo la ndege limenata mezani na kuyeyuka mahali lilipogusa.

Matairi ya mpira laini yanayokuja ndani ya baadhi ya masanduku hufanya vilevile. Yanakula rimu ya gurudumu kutoka ndani, halafu siku moja tairi linapasuka. Paka rimu tabaka mbili kamili za rangi kabla ya kuivika tairi, bandika kipande cha karatasi ya alumini kati yao, au nunua magurudumu ya resini. Katika sanduku lisiloundwa, toa matairi hayo uyaweke kwenye mfuko wake peke yake, mbali na fremu za plastiki zilizoshika sehemu za modeli.

Dhana: Paketi ya silika jeli hudumu milele

Hushiba, kisha haifanyi kitu. Na ndani ya kabati lenye mianya inajaribu kukausha Kisumu nzima. Ina maana kwenye beseni la plastiki lenye kifuniko kinachobana: gramu 100 hadi 150 kwa beseni la lita 30, zile zenye rangi inayobadilika, zikirudishwa kwenye oveni ya nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili au tatu zikishashiba. Polistirini yenyewe hainywi maji. Unazilinda dekali, chuma, mbao za balsa na masanduku.

Dhana: Mshipi wa kuvulia samaki ni imara, tundika tu

Mshipi wa nailoni hunyonya unyevu, hurefuka, na jua huudhoofisha. Chagua wa kubeba kilo 5 au zaidi kwa ndege ya gramu 200, tumia nyuzi mbili, mbele na nyuma ya kitovu cha uzito, na ubadilishe kila mwaka. Fundo lisitiwe gundi ya haraka kwa kuwa huukausha mshipi ukakatika hapo hapo. Ndoano ishike kwenye boriti, siyo kwenye siling bodi. Chini ya paa la mabati hewa ya juu ya chumba ni moto sana mchana, hivyo teremsha ndege angalau sentimita 50. Iwe mbali na pangaboi: upepo wake huizungusha ndege usiku kucha hadi mshipi ulike.

Dhana: Sponji ya godoro na gazeti ndivyo vifungio bora

Kwa safari ya Nakuru hadi Kisumu, sponji inafaa. Kwa miaka mitano ndani ya beseni haifai, kwani huoza ikawa unga unaonata. Gazeti huachia wino. Plastiki ya vipovu hupiga chapa ya miduara kwenye rangi ikipata joto.

Njia iliyo salama zaidi ni kutoizungushia ndege kitu chochote. Ifungie kwenye kipande cha ubao kwa utepe laini wa pamba unaopita kwenye shina la mabawa, ubao ubane kwenye sakafu ya katoni, na katoni iingie ndani ya katoni kubwa yenye nafasi ya sentimita 5 pande zote iliyojazwa povu jeupe la kufungia televisheni. Propela na milango inayotoka iwekwe kwenye mfuko wenye jina la ndege. Ikiwezekana isafiri mapajani. Kwenye buti ya basi mzigo wako utakuwa chini ya gunia la mtu, na matuta ya Kericho hayahesabiki.

Dhana: Modeli za chuma zinazopasuka huambukiza nyingine

Haziambukizi. Ni aloi ya zinki iliyochanganyika na uchafu, hasa risasi, tangu kiwandani, na unyevu huharakisha tu. Haitibiki. Ipige picha, kisha uamue.

Dhana: Makumbusho yatachukua mkusanyiko wote

Makumbusho hupokea kinacholingana na kazi yao. Yale ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980, yanajulikana kwa boma la Kiluo na viumbe wa ziwani. Hyrax Hill kule Nakuru ni ya akiolojia. Spitfire yako nzuri, ile ndege ya kivita ya Uingereza, haina la kusema hapo. Ndege-boti ya Kisumu, au ile ya BOAC (shirika la ndege la Uingereza) iliyotumia Ziwa Naivasha, inaweza kuwa na la kusema, mradi ije na karatasi: nani aliiunda na mwaka gani, skeli, chapa ya sanduku, rangi zilizotumika, picha ulizofuata, vipimo, na barua ya kuachia umiliki. Peleka barua na picha kwanza, kamwe usifike na katoni mlangoni. Namba ya orodha iandikwe chini ya kibao cha kusimamishia, si kwenye ndege.

Shule ni makao mazuri kwa modeli ngumu, zisizo na antena, zilizofungwa kwa skrubu kwenye kibao, ikiwa kuna mwalimu mmoja aliyekubali kwa maandishi na kabati lenye kufuli. Mang'u, kule upande wa Thika, inafahamika kwa somo la usafiri wa anga. Karibu na nyumbani, uliza mwalimu wa fizikia kabla ya mwalimu mkuu.

Dhana: Familia itajua thamani yake

Itajua bei ya kabati. Modeli iliyoundwa kwa kawaida huuzwa chini ya bei ya sanduku lake likiwa bado limefungwa, hata kama ilikula miezi. Tenganisha orodha mbili, zilizoundwa na zisizoundwa, na mbele ya kila moja andika anayepewa na anayeweza kushauri kuhusu bei. Ukitaka iwe na nguvu kisheria, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inataka wosia wa maandishi uliotiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi. Anayeachiwa ndege asiwe mmoja wa hao wawili, la sivyo zawadi yake hubatilika, isipokuwa kuwe na mashahidi wengine wawili zaidi. Maneno ya mdomo mbele ya mashahidi wawili yanakubalika, lakini kwa mtu wa kawaida hayadumu iwapo msemaji ataishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuyasema.