"Mvivu wa Kuandika" na Dhana Nyingine Ninazozisikia Malindi

"Mtoto huyu mvivu tu, daktari. Fimbo ndiyo dawa yake." Maneno haya nayasikia kila mara kwa wazazi wanaoniletea watoto kwenye tiba kazi, yaani tiba ya kumsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku, tena baada ya fimbo kushindwa, na yamenichosha.

Mtoto anayekusimulia kisa chote kwa mdomo, aliyehifadhi sura chungu nzima za Kurani chuoni, kisha nusu saa akaandika mistari miwili, si mvivu. Mtazame anapoandika. Vidole vimeikaba kalamu mpaka kucha zimekuwa nyeupe, maandishi yamechimba hadi ukurasa wa pili, miguu inaning'inia, na mkono uliopaswa kushika daftari umemwegemeza asianguke. Kunakili ubaoni kunamtaka asome neno, alishike kichwani macho yakirudi daftarini, aunde herufi na kuikalisha kwenye mstari. Mwenzake hafikirii hayo. Yeye kila herufi anaipigania. Halafu mnamchapa viganja vilevile! Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 imekataza viboko shuleni, na walimu wanajua.

Mimi naanzia kwenye kiti. Weka tofali au kasha hadi nyayo zikanyage, meza iwe usawa wa viwiko. Kisha mabega na viganja: achore kwa chaki ukutani, akande unga wa chapati, akamue tui. La tui nalisisitiza kwa kila mama, maana nazi haikosekani jikoni na kiganja kinafanya kazi kwelikweli. Kalamu ya risasi mpe fupi, aishike kwa ncha za vidole. Mwalimu naye apunguze kunakili na akubali majibu ya mdomo mkono ukiendelea kupata nguvu.

"Anayeandika kwa kushoto abadilishwe." Hasha. Kula ale kwa kulia kama tulivyolelewa, kuandika mwacheni. Sehemu ya juu ya daftari ielekee kulia kidogo, na akae mwisho wa dawati upande wa kushoto asigongane viwiko na jirani.

"Asiyetulia hasikilizi." Wapo wanaosikiliza vizuri zaidi wakitikisika. Mtoto wa hivyo mtume afute ubao au agawe madaftari, kisha arudi kukaa.

"Tiba hii ni ya wenye ulemavu." Ni ya yeyote anayekwama katika shughuli zake za kila siku, na kwa mtoto shule ni mojawapo.

"Ataacha akikua." Baadhi huimarika, lakini usikae ukingoja huku kazi za kuandika zikiongezeka kila gredi. Mpime macho na masikio, kisha mlete. Na uje na daftari lake lenye makosa, si lile safi aliloandikiwa na dadake.