Babu Hakudanganya, Lakini Saini Hiyo Si ya Babe Ruth

Kazi yangu ni kukagua saini za wachezaji wa besiboli, na wiki iliyopita nililetewa tena mpira wenye saini za timu nzima, safari hii New York Yankees na nyota wao mkuu, Babe Ruth, pamoja na maneno ambayo sasa ninaweza kuyatamka kabla mwenye mpira hajafungua kinywa: "Saini hizi ni za kweli, kwa sababu mpira huu ulipatikana uwanjani kwenyewe." Safari hii aliyeyasema ni dada mmoja kutoka Kenya anayetunza wazee huku Marekani. Familia ya mzee aliyemuuguza mpaka siku yake ya mwisho ilimpa mpira huo kwa shukrani, na kwa ajili hiyo nilijizuia nisikunje uso. Hata hivyo, nimelijibu jambo hili mara nyingi mno, na leo nitaliandika ili atakayefuata nimwelekeze hapa.

Nianze na yasiyo na ubishi. Mhuri ulio kwenye ngozi una jina la Will Harridge, aliyekuwa rais wa American League, ligi ya Yankees, kuanzia mwaka 1931. Kwa hiyo ukiletewa mpira wenye mhuri huo na saini ya Miller Huggins, meneja wa Yankees aliyefariki mwaka 1929, umrudishie mwenyewe bila hata kumkaribisha chai. Wino wa mpira wa dada huyu ni wa kalamu ya nibu, kama inavyopasa. Kalamu za biro zilianza kuuzwa madukani Marekani mwezi Oktoba 1945, ilhali Lou Gehrig, nyota mwenzake Ruth, alifariki mwaka 1941, na bado watu hawachoki kuniletea Gehrig wa biro. Saini za kuchapwa kiwandani sizizungumzii kabisa, kwa sababu lenzi ya bei nafuu humaliza shauri hilo kwa dakika moja.

Tarehe nayo haikunisumbua. Mchezaji Herb Pennock aliondoka Yankees kabla ya msimu wa 1934, na mwenzake Frank Crosetti aliingia mwaka 1932. Wakikutana kwenye mpira mmoja, kama huu, msimu ni wa 1932 au wa 1933, hakuna mwingine. Kila anayenunua mipira hii humkodolea macho Ruth, ilhali wanaomwambia ukweli ni hao wa pembeni.

Sasa tuje kwenye mlango ambao mpira ulipitia. Nilimuuliza dada kama mzee aliwahi kumsimulia jinsi saini zilivyopatikana, naye akanieleza vizuri sana: baba wa yule mzee alimkabidhi mpira kijana wa timu kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, akasubiri, na mpira ukatoka umejaa majina. Ndiyo hadithi yenyewe, na ninaiamini yote. Lakini isikilizeni tena taratibu. Mpira uliingia ndani, mlango ukafungwa, na aliyebaki nje hakuona mkono wa mtu yeyote. Alichoshuhudia ni mlango.

Watu wakisikia "saini si yake" hufikiria matapeli, kama wale wa California walionaswa na FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, katika operesheni iliyoitwa Bullpen, ambao miongoni mwa bidhaa zao ilikutwa mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa. Hao wapo na wataendelea kuwapo. Saini ya chumbani ni jambo jingine kabisa. Nyota aliyewekewa mezani mipira kadhaa kila siku alichoka, na vijana wa chumbani, watunza vifaa, hata wachezaji wenzake, walimsainia, bila nia ya kumwibia mtu, ili mipira iishe na watu waende kula. Saini hiyo ni ya siku ileile, ya wino uleule, ya kalamu iliyotoka mkononi mwa mtu aliyesimama hatua mbili kutoka kwa Ruth. Vipimo vyote vya umri itavipita, kwa kuwa umri wake ni wa kweli. Kisicho cha kweli ni mkono.

Katika mpira huu kilichonishtua ni herufi mbili. Ruth yupo kwenye nafasi nyembamba ambapo mishono inakaribiana, na paneli ya jirani yupo mchezaji mwenzake, Red Ruffing. Majina yao ya ukoo yote mawili yanaanza na "Ru", na hizo "Ru" ni mapacha: mguu wa pili wa R unateleza chini ya mstari kwa urefu uleule, na u imeachwa wazi kwa namna ileile. Mtu mmoja aliandika yote mawili. Jambo linaloninyima usingizi ni kwamba saini ya Ruffing inafanana sana na Ruffing halisi. Je, Ruffing alijisainia, kisha akamsainia na mwenzake? Au kijana mmoja alikuwa hodari wa kumwiga Ruffing kuliko kumwiga Ruth? Sina jibu, na anayedai kuwa nalo ninaomba anioneshe.

Kuna jambo jingine ambalo wenzangu wa kazi hii hawapendi kulisema hadharani. Saini tunazolinganishia, nyingine tumezitoa kwenye mipira iliyoingia kwenye milango kama ule. Ndiyo maana mimi hutanguliza hundi na mikataba, karatasi ambazo mtu alizisaini kwa maslahi yake mwenyewe; lakini mkono ulioandika juu ya meza si mkono ulioandika juu ya duara la ngozi lenye mzingo wa sentimita 23 hivi. Zaidi ya hayo, mmiliki wa kwanza wa mpira huu aliupaka shelaki, aina ya vanishi, kwa nia njema ya kuuhifadhi, nayo imegeuka rangi ya asali na kufunika alama za mgandamizo wa nibu, ambazo ndizo ningezitegemea zaidi.

Niliandika ripoti: mpira halali, msimu wa 1932 au 1933, saini zilizobaki nazikubali, Ruffing nimemwekea alama ya kuuliza, na kwa Ruth nikaandika, "Kwa maoni yangu, si mkono wake." Dada aliisoma mara mbili. "Kaka," akaniuliza, "huwezi kuyafuta hayo maneno 'kwa maoni yangu', ili nijue moja?" Nilimwambia siwezi.