Magadi, parachichi na dumu la mafuta: dhana potofu kuhusu chakula cha moyo Moshi na Arusha

Maharage, mnafu, ndizi, parachichi, ulezi, dagaa. Vyakula vinavyoufaa moyo vimejaa kwenye masoko ya Mbuyuni, Kilombero na Tengeru, tena vingi ni vya bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaimudu. Mambo huharibika baada ya kutoka sokoni: kwenye sufuria, kwenye kijiko cha chumvi, kwenye dumu la mafuta. Halafu kuna maneno ya mtaani na ya vikundi vya WhatsApp, yanayowafanya watu wakimbie chakula kizuri na kuendelea na kibaya bila wasiwasi.

"Magadi si chumvi, mgonjwa wa presha anaweza kula"

Hii tunaianza kwa sababu inaumiza watu kimyakimya. Magadi hutiwa kwenye maharage, kwenye makande, kwenye kiburu, wengine hata kwenye mboga za majani. Kinachopandisha presha ndani ya chumvi ni sodiamu, na magadi yamejaa sodiamu hiyohiyo. Katika uzito wa chumvi ya mezani, karibu asilimia 39 ni sodiamu. Katika magadi safi ni karibu asilimia 30. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 2 za sodiamu kwa siku, sawa na gramu 5 za chumvi, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Gramu 5 za magadi zina sodiamu kama gramu 1.5. Kwa hiyo anayempikia mgonjwa maharage "yasiyo na chumvi" huku ametupia bonge la magadi, hajamsaidia sana. Magadi pia huharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharage, na mengine yana floraidi nyingi, wakati sehemu kadhaa za miteremko ya Meru maji yenyewe tayari yana floraidi ya kutosha kuyatia meno ya watoto rangi ya kahawia.

Sababu ya kuyatumia inaeleweka. Arusha mjini ipo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi, si 100. Moshi mjini ni chini zaidi, lakini ukipanda Marangu au Machame hali inakuwa ileile ya Arusha. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu yanagoma kuiva, na mkaa unakwisha. Dawa yake ni hii:

Chukua nusu kilo ya maharage, chagua mawe, loweka kwenye lita 2 za maji usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12. Mwaga maji hayo, suuza, weka maji mapya. Yakishachemka, yaache yatokote kwa nguvu dakika 10 nzima kabla ya kupunguza moto. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiui, na ndiyo inayowatapisha watu wanaokula maharage yaliyoiva nusu. Kisha funika, punguza moto, yapikike saa moja na nusu hadi mbili. Kwenye presha kuka, maharage yaliyolowekwa huchukua dakika 25 hadi 30. Nyanya, limau na ukwaju vije maharage yakishalainika, kwa sababu tindikali hukaza ganda. Wengi wanaolaumu maharage wangepaswa kulaumu nyanya zilizotiwa mapema. Na ukinunua, iwe Lyamungu, Selian au soya kijivu, muulize muuzaji ni ya mavuno ya lini. Rangi iliyofifia au kuwa nyeusi na ganda lililokunjamana ni dalili za mzigo wa zamani.

Juhudi hiyo inalipa. Robo tatu ya kikombe cha maharage yaliyopikwa (gramu 130 hivi), yakiliwa kila siku, hushusha lehemu mbaya (kolesteroli ya LDL, ile inayoziba mishipa) kwa karibu asilimia 5. Kunde, choroko, dengu na mbaazi zinafanya kazi hiyohiyo.

"Sisi hatuli chumvi nyingi"

Pima kwa pakiti. Nyumba yenye watu wazima watano, kila mmoja akiishia gramu 5 kwa siku, inatumia gramu 25. Pakiti ya nusu kilo inatakiwa imalize angalau siku 20, na kwa kweli zaidi, kwa kuwa mkate, soseji na supu ya mgahawani vina chumvi yake tayari. Ikiwa pakiti yenu inaisha ndani ya wiki mbili, mnakula nyingi. Vidonge vya supu na viungo vya pakiti vihesabiwe humo: soma orodha ya viambato, mara nyingi chumvi ndiyo ya kwanza. Chumvi ya mawe na ile ya rangi ya waridi inayouzwa ghali zina sodiamu karibu sawa na ya kawaida. Usiiache chumvi yenye madini joto kwa ajili ya hizo. Watu wa milimani wanaihitaji kujikinga na rovu.

Punguza taratibu, robo ya kijiko kila wiki, na chumvi uiweke mwishoni mwa kupika badala ya kuanza nayo. Ulimi huzoea baada ya wiki chache. Tangawizi, kitunguu saumu, giligilani, pilipili na ndimu huziba pengo vizuri.

"Parachichi lina mafuta mengi, linaziba mishipa"

Lina mafuta kweli, gramu 15 hivi katika kila gramu 100, lakini mengi ni ya aina iliyomo pia kwenye zeituni, isiyopandisha lehemu mbaya. Lehemu yenyewe haimo kabisa. Hakuna tunda wala mbegu yenye lehemu ya kuhesabika. Lina nyuzilishe na potasiamu pia. Tatizo ni moja: parachichi kubwa moja la kienyeji linaweza kukupa nishati ya sahani ya ugali. Basi liwe mahali pa kitu kingine, siagi kwenye mkate au mafuta kwenye kachumbari. Nusu kwa mlo inatosha.

"Mafuta yote ya mimea ni salama, lebo inasema hayana kolesteroli"

Lebo inasema kweli na bado inapotosha. Lehemu ya damu hupandishwa zaidi na mafuta yaliyoshiba (aina inayoganda kwenye baridi), na hayo yanapatikana hata kwenye mimea. Mafuta ya alizeti yana kama asilimia 11 tu ya mafuta yaliyoshiba. Ya mawese yanakaribia nusu. Ya nazi yanazidi asilimia 80, mabaya kwa kigezo hiki kuliko hata samli.

Huku kwetu baridi ya Juni na Julai inasaidia kupima. Asubuhi angalia dumu: mafuta ya mawese yanakuwa mazito na kuganda chini. Alizeti isiyosafishwa sana inaweza kuwa na ukungu kidogo kwa sababu ya nta yake, lakini haigandi. Ukiuziwa "alizeti" kwa kipimo kisha ikaganda, umeuziwa mchanganyiko.

Na hata alizeti nzuri ina mpaka. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori 120 hivi. Sufuria ya mboga ya watu watano inatosheka na vijiko viwili. Mimina kwa kijiko, si kwa kuinamisha dumu. Mafuta yaliyokaangia chipsi mpaka yakawa meusi, yanatoa povu na moshi mapema, yamwagwe.

"Samaki wa moyo ni wale wa nje, wa bei kubwa"

Vibua wa barafu wana omega-3 nyingi, na dagaa nao wanayo. Mara mbili kwa wiki, kipande cha ukubwa wa kiganja. Dagaa waoshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu mpaka mchanga uishe, kisha wapike na nyanya na vitunguu. Ukiwazamisha kwenye mafuta wanayanywa, na faida inapotea.

"Choma haina shida, mafuta yamedondokea motoni"

Mbuzi ana mafuta kidogo kuliko ng'ombe au kitimoto, hilo ni kweli. Ila pale Kwa Mrombo, mahali pa nyama choma Arusha, tazama kona ya sinia: kuna kilima cha chumvi, na kila kipande kinachovywa humo. Omba ndimu na pilipili badala yake, kachumbari iwe nyingi, ndizi mbili za kuchoma ziungane na nyama ili nyama ipungue. Mtori na supu ya kongoro vina njia rahisi: chemsha nyama jioni, acha ipoe usiku, asubuhi engua tabaka la mafuta lililoganda juu kabla ya kutia ndizi.

"Mayai ya kienyeji hayana lehemu"

Yanayo, miligramu 180 hivi kwa kiini, sawa na ya kisasa. Rangi ya kiini inatokana na chakula cha kuku. Kwa watu wengi wenye afya, yai moja kwa siku halina tatizo. Mwenye kisukari azungumze na daktari wake.

"Mbege ni chakula, siyo pombe"

Ndizi na ulezi ni chakula. Vikichachuka vinakuwa kilevi, na kilevi hupandisha presha. Vivyo hivyo mvinyo mwekundu. Ulezi unywe kama uji.

"Maji ya limau na kitunguu saumu yanayeyusha mafuta, dawa za presha niache"

Hapana. Limau haliyeyushi kitu ndani ya mishipa. Kitunguu saumu kina msaada mdogo, kisichofikia dawa, na kikitumiwa kwa wingi na mtu anayemeza warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) kinaongeza hatari ya kuvuja damu. Usiache dawa bila daktari.

"Ndizi na parachichi ni salama kwa kila mgonjwa wa moyo"

Potasiamu yake husaidia presha kwa mwenye figo nzima. Figo zikiwa dhaifu, au ukitumia dawa za presha na moyo kama spironolactone, enalapril au losartan, potasiamu inaweza kujaa kwenye damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Omba upimwe figo na potasiamu kabla ya kuongeza ndizi, mtori au chumvi mbadala yenye potasiamu. Ukiambiwa upunguze, menya ndizi, zikate vipande vidogo, zichemshe kwenye maji mengi na uyamwage maji hayo. Sehemu ya potasiamu huondoka nayo.